Maji Huwekwa Mlangoni

Namkunda aliubonyeza mtungi kwa kidole gumba, na kidole kikazama.

Hakukitoa mara moja. Alikiacha humo, ndani ya gome lililolainika kama parachichi lililosahauliwa kapuni, akihisi maji ya vuguvugu yakimzunguka ukucha, huku akili ikikataa kupokea habari ambayo kidole kilikuwa kimekwisha kuileta. Ndiyo kwanza ameshuka kutoka milimani, alikokwenda kumzika kaka yake na kukaa mpaka matanga yakaanuliwa. Kanga ya msiba bado ilikuwa kiunoni. Mkoba ulikuwa palepale mlangoni alipoutua.

"Pole, mwenzangu," sauti ilisema nyuma yake. "Pole na safari, pole na msiba."

Alikuwa Mama Niendiwe, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Leo hakucheka, lakini uso wake ulikuwa na ile furaha ya mtu aliyetenda jema na anangoja lionekane.

"Tumeshapoa," Namkunda akajibu. "Nani aliumwagilia huu?"

"Uliza nani hakuumwagilia. Hukuwepo nyumbani, na sisi tuna msiba wako mikononi. Tukasema, maji tukiyaacha mlangoni jua litayanywa, au mbuzi. Basi tukampa mtungi akutunzie. Nyumba zote zimetoa. Hata Mzee Mbonea ametoa jagi zima, na unamjua mkono wake ulivyo wa birika. Tena tulimwagia hapo chini kabisa, kwenye mizizi, ili vile vinundu vyako vya maua vinone."

Namkunda akatazama chini. Udongo ulikuwa mweusi kwa unyevu. Kiruvani hapakuwa na udongo mweusi tangu vijito vya milimani vilipokatika na tambarare yote kugeuka rangi ya matofali. Na tangu hapo watu wa Kiruvani waliacha kupeleka unga kwenye nyumba ya mfiwa, walipeleka maji. Kila nyumba ilileta chombo chake, ikakitua mlangoni, ikaondoka. Na maji yakishatua mlangoni pa mfiwa, aliyeyaleta hawezi kuyanyanyua tena, hata kama kwake hakuna tone.

Alijua walichojinyima. Alijua pia kwamba wamemuulia mti. Maneno mawili hayo yakasukumana kooni mwake, na lililopita likawa moja tu.

"Ahsanteni," alisema. "Mungu awazidishie."

Mama Niendiwe alipoondoka, Namkunda alivua kanga ya msiba, akajifunga ya kazi, akachukua jembe la mkono na kisu.

Mtungi si mti wa kupewa maji. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Shina Jema, kampuni iliyouunda, iliwafundisha wanakijiji, na ndilo walilolisahau upesi kwa sababu lilipingana na kila walichokijua kuhusu mimea. Mabibi na mababu zao waliishi na waridi la jangwani, lile la mwituni lenye shina nene kama guu la tembo na maua mekundu yanayochanua wakati kila kitu kingine kimekauka. Walichemsha utomvu wake wakapaka kwenye mishale, kwa maana una sumu ya kusimamisha moyo. Wataalamu wa Shina Jema walilichukua waridi hilo maabara, wakaing'oa sumu katika mbegu yake, wakalipa majani yenye vinyweleo vya kunasa ukungu unaoteremka milimani alfajiri, na tumbo la kuhifadhi maji hayo yakiwa safi. Ubavuni mwa tumbo waliweka koki ndogo. Mti ulijinywesha wenyewe kwa majani, nawe ukakinga kikombe. Watu wakauita mtungi, jina likashika.

Lakini mtungi haukuchanua. Haukupewa uwezo huo. Hauna ua, hauna mbegu, na baada ya miaka kumi hivi tumbo lake hupauka, likawa na uwazi ndani, likafa. Ukitaka mwingine, unarudi kwa aliyekupa wa kwanza. Sasa mitungi ya Kiruvani ilikuwa imepauka yote kwa pamoja, na Shina Jema walikuwa tayari kuleta mipya. Walitaka jambo moja. Walitaka Mlima Kisiwa, kilima cha mawe nyuma ya kijiji, wakifyeke. Ndiko mawaridi ya mwituni yalikobaki.

Namkunda aliwahi kujiuliza kwa nini kampuni ya miti iogope kilima cha miti. Badala ya kungoja jibu, alipanda kilimani, akakata tawi moja la mwituni, akaja kulibebesha juu ya mtungi wake wa pekee, kama watu wanavyobebesha miembe. Kijiji kilimcheka. Alifunga jeraha kwa kamba ya katani, akangoja. Tawi lilishika. Lilituma chini ujumbe wake wa kimti, ambao hakuna aliyeusikia isipokuwa mtungi wenyewe. Na matawi ya mtungi, ambayo hayakuumbwa kuchanua, yakatoa vinundu. Ilikuwa wiki ile ile aliyoitwa msibani. Tangu hapo hakuna aliyekuwa amemcheka tena.

Aling'oa mti wote. Mizizi ilikuja mikononi kama tambi zilizopitiliza jikoni, na harufu ya uozo ikampiga puani. Akakata chini ya tumbo. Ndani palikuwa kahawia. Akakata juu zaidi, bado kahawia. Alikata na kukata, kila mara akifuta kisu kwa majivu ili asipandishe uozo, mpaka tumbo lilipobaki nusu na nyama yake ikaonekana nyeupe, ngumu, safi, bila hata doa la sindano. Maji mazuri yakachuruzika katika beseni.

Akaketi. Alikuwa na kiu ya safari nzima. Akachota kwa kiganja akanywa mafunda mawili.

Uchungu ulimfika masikioni. Midomo ikafa ganzi, kisha ulimi. Moyo ukadunda kwa nguvu, ukasita kana kwamba umesahau kazi yake, ukadunda tena. Namkunda alitia vidole kooni akatapika chote, akamwaga beseni mbali na kuku, akajilaza mkekani kwa ubavu, akisikiliza kifua chake mwenyewe kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje.

Kumbe katika jambo la kuing'oa sumu Shina Jema hawakuwa wameidanganya dunia. Tawi la mwituni lilileta maua, na pamoja na maua lilileta sumu.

"Pombe ya matangani umekuja nayo mpaka huku?" Mzee Mbonea alikuwa amesimama kizingitini na fimbo yake, mrefu, mkavu, shati limefungwa kifungo cha juu kabisa.

"Shikamoo, Mzee. Ni jua tu la njiani."

"Marahaba. Pole na kaka yako." Akautazama mti uliokatwa, umelala juu ya gunia, umepakwa majivu kwenye jeraha. Uso wake ukabadilika. "Nani kafanya hivi?"

"Maji."

Mzee alijua ni maji ya nani, na kwamba jagi lake lilikuwamo. "Utapona?"

"Ukikaa mkavu, kivulini, mpaka kidonda kifunge gamba. Vinundu bado viko hai. Una chakula chake mwilini, unaweza kuchanua hivyo hivyo bila mizizi."

"Basi uchanue." Aliigonga fimbo chini. "Jumamosi tunapiga kura. Mimi nitakataa mkataba wa hao watu, na si peke yangu. Tunakataa kwa sababu ya huo mti wako, binti. Tukiwa na mbegu zetu, wakaupande mkataba wao."

Hapo ndipo angesema. Midomo bado ilikuwa na ganzi, ulimi mzito. Lakini haikuwa hiyo iliyomzuia. Alifikiri: nikisema leo, Jumamosi watakubali kutoa kilima. Nikinyamaza mpaka kura ipite, tutakuwa tumebaki na kilima, na mengine tutayatafutia njia.

"Ahsante, Mzee," alisema.

*

Bwana Ladislaus, afisa ugani wa Shina Jema, alikuja kesho yake asubuhi kwa pikipiki ya umeme. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyundo ndogo ya mpira, na alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akigonga mitungi na kusikiliza mlio. Kila alipogonga Kiruvani, tumbo lilijibu kama ngoma tupu.

Kwa Namkunda hakupata cha kugonga. Mti ulikuwa umening'inizwa kwenye boriti ya baraza, kichwa juu, jeraha likipigwa upepo. Vinundu vilikuwa vimeanza kupasuka nchani, vikionyesha wekundu.

"Mama, hili tawi si letu," alisema.

"Si lenu. Ni la kilimani."

"Na shina ni la kampuni."

"Nusu ya shina. Nusu nyingine imeoza, unaweza kwenda nayo, iko shimoni."

Ladislaus alitabasamu kidogo, kisha akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa, kama mtu aliyechoka kuliko cheo chake. "Maji yake umeyanywa?"

Namkunda alikuwa akichambua katani. Hakuinua macho. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu yana sumu. Mtungi ukichanua, maji yake hayanyweki mpaka maua yapukutike na maganda ya mbegu yakomae. Hapo hurudi kuwa matamu. Tunalijua siku nyingi."

"Mnajua mtungi unaweza kuchanua?"

"Tunajua."

"Mbona hamkutuambia?"

Akavuta pumzi. "Kituo nilichotoka, kule upande wa Dodoma, kuna bwana mmoja alibebesha kama wewe. Hakumwambia mtu. Mtoto wa jirani alikinga kikombe kwenye koki, kama wanavyofanya watoto. Mimi ndiye niliyembeba kwenda zahanati, Mama. Hatukufika." Aligeuza nyundo mkononi. "Nikaomba makao makuu watangaze. Wakasema tukitangaza kwamba maua yana sumu, tutakuwa tumetangaza kwamba maua yanawezekana."

Upepo uliuzungusha mti polepole. Namkunda aliweka katani chini. Aliona kikombe cha bati, kile cha watoto wa Mama Niendiwe, ambao huingia kwake na kutoka kana kwamba nyumba ni moja.

"Basi huyo mtoto hakuuawa na ua," alisema. "Aliuawa na watu waliojua wakafunga midomo. Wawili. Jirani yake na nyinyi."

Ladislaus aliitia nyundo mfukoni.

"Na kesho mimi nasimama mkutanoni," Namkunda aliendelea. "Nikificha nitakuwa yule bwana wa Dodoma. Nikisema nitakuwa nimewapigia nyinyi kampeni. Mmeyapanga vizuri."

"Mimi sikupanga kitu, Mama. Nitakuuliza tu mbele ya watu, kama nilivyokuuliza hapa. Nisipouliza, na mtoto mwingine akanywa, nitamweka wapi?"

"Usijisumbue kuuliza," Namkunda alisema, akainuka kumwonyesha njia.

Alipoondoka, Namkunda alichukua koleo, akaing'oa koki ubavuni mwa mti, akaziba tundu kwa nta. Kisha akaenda kwa Mama Niendiwe.

"Waite watoto wako wote," alisema. "Nina neno la kuwaambia, na wewe ulisikie. Kwenye mti wangu hakinywewi kitu."

*

Mkutano ulifanyika katika ghala la stesheni ya zamani, mahali pekee penye paa la kutosha watu wote. Reli zilikuwa zimekwisha kung'olewa; jina la stesheni bado lilisomeka ukutani kwa herufi zilizobanduka. Mwenyekiti Kangalu, mtu wa sauti ndogo aliyechaguliwa kwa sababu hakuwahi kugombana na yeyote, alisoma masharti ya Shina Jema. Kila nyumba itapata mitungi mitatu mipya. Kijiji kitaacha Mlima Kisiwa ufyekwe. Hakuna atakayemiliki mmea wa jamii ile wenye uwezo wa kuchanua.

"Miaka mingine kumi ya maji," Ladislaus aliongeza. "Sitawaficha, mitungi mliyonayo inaishia msimu huu."

"Na baada ya kumi?" Mzee Mbonea aliuliza kutoka mwisho wa ghala.

"Tutazungumza tena."

"Mtazungumza. Sisi tutaitikia."

Watu wakacheka. Kangalu akagonga meza. "Namkunda ameomba kusema."

Alisimama. Alikuwa amelala vibaya na hakuandaa maneno. Aliwaona majirani zake wakimtazama kwa matumaini, na matumaini hayo yalikuwa mazito kuliko ndoo.

"Mti wangu uko hai," alianza, na ghala likanong'ona kwa furaha. "Utachanua. Mungu akipenda, utazaa. Lakini kabla hamjapiga kura, sikilizeni lingine. Maji yake yana sumu. Niliyanywa juzi, mafunda mawili, na moyo wangu ukataka kusimama. Mzee Mbonea alinikuta mkekani nikamwambia ni jua. Halikuwa jua. Nisamehe, Mzee."

Mahali fulani mtu alivuta kiti.

"Afisa huyu anajua. Kampuni yake inajua tangu zamani. Mtungi ukichanua, maji yake ni sumu mpaka mbegu zikomae, kisha yanarudi. Hawakutuambia kwa sababu hawakutaka tujue kwamba unachanua. Na mtoto mmoja amekufa kwa ajili ya siri hiyo. Muulizeni."

Vichwa vyote vikageuka. Ladislaus alikuwa ameshika ukingo wa meza. Angeweza kukana, hakuna aliyekuwa na ushahidi. "Ni kweli," alisema.

"Sasa wote tunajua," Namkunda aliendelea, na sauti yake ikapata ukali ambao hakuutafuta. "Tunajua yote, mazuri na mabaya, na mtu anayejua yote hachaguliwi njia na mwingine. Mimi nachagua kilima. Nachagua mti unaozaa, hata kama unanichukia msimu mzima. Wa kwao ni mtamu mwaka mzima na hauzai. Nimezika ndugu yangu wiki hizi, naye hakuacha mtoto. Sitaki tena kitu kisichoacha mtoto."

"Na watoto wa huo mti?" mwanamume mmoja aliuliza. "Watakuwa watamu au wachungu?"

"Sijui. Tutajua wakikua. Sitakuahidi nisichokijua."

Ladislaus aliinuka taratibu. "Mama amesema kweli yote, nami namheshimu. Lakini niulize hesabu ya kawaida tu. Nyumba ina mtungi mmoja ulio hai. Ukichanua, nyumba hiyo haina maji toka kinundu mpaka mbegu. Ni miezi. Watu hao watakunywa nini?"

Namkunda alifungua mdomo. Jibu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la kuomba, na hakuwahi kuomba maji kwa mtu tangu azaliwe.

"Mbona unauliza mambo ya kitoto, Bwana afisa?"

Alikuwa Mama Niendiwe. Hakusimama hata, aliongea akiwa amekaa, kitambaa cha kichwa kimeteleza.

"Nyumba yenye msiba hapa inakunywa nini? Si tunaipelekea? Kaka yake Namkunda kafa huko juu, hatukumjua hata sura, na tumetoa maji mpaka tukauozesha mti. Tukiweza kumpelekea maji mtu aliyefiwa, tutashindwaje kumpelekea aliyechanuliwa? Wachanue nusu, nusu tuwape maji. Msimu mwingine tunageuza."

"Mitungi yetu inakufa," mtu alisema.

"Inakufa ndiyo. Wewe ukijua unakufa hutaki uache mtoto?"

Ghala likaguna, kisha likaanza kuongea lote kwa pamoja. Kangalu aligonga meza hadi akachoka. Mzee Mbonea alipita katikati ya watu na fimbo yake, akasimama mbele ya Namkunda, akamtazama kwa hasira ya kweli.

"Jua la njiani," alisema.

"Nilikosea, Mzee."

"Ulikosea." Akamgeukia Ladislaus. "Mimi mkono wangu wa birika kijiji kizima kinaujua. Basi andika kwenye ripoti yako: nyumba ya huyu mwongo, mtu wa kwanza kuipelekea maji nitakuwa mimi."

"Sharti moja," Namkunda alisema. "Muyaweke mlangoni. Mtu yeyote asinimwagie mti."

Kicheko kilichopiga bati za ghala kilisikika mpaka barabarani. Baada yake waliinua mikono kukataa mkataba, na Kangalu, ambaye hakuwahi kugombana na mtu, ndiye aliyetangulia kuinua wake.

*

Ua la kwanza lilifunguka mti ukiwa bado umening'inia kwenye boriti, jekundu pembeni na jeupe katikati, pana kama kisahani. Watu walikuja kulitazama kwa zamu, wakaulizana kama kweli kitu hicho kimetoka kwenye mtungi. Jeraha lilikuwa limefunga gamba. Namkunda aliuweka mti katika debe la kokoto na mchanga mkavu, na hakuutilia hata tone. Mzee Mbonea alileta kigoda, akaketi pembeni na fimbo, akilinda. Akipita mtu na ndoo, hata ya kwake mwenyewe, fimbo iliinuka.

"Pitia kule."

"Mzee, naenda kuogesha mtoto."

"Pitia kule."

Kuchavusha lilikuwa jambo la macho na subira. Waridi la jangwani huficha chavua yake ndani kabisa ya koo, chini ya kofia ya nyuzi, na kidole hakifiki. Namkunda alichukua unyuzi mmoja wa katani, akauloweka mate, akauingiza kwa upole, akauzungusha, akautoa na vumbi la manjano nchani, akalipeleka kwenye ua jingine. Alifundisha wengine. Kufikia hapo matawi ya kilimani yalikuwa yamebebeshwa kwenye mitungi ya nusu ya nyumba za Kiruvani, koki zote za nyumba hizo zimeng'olewa, matundu yamezibwa nta, na watoto wanajua wimbo wa kuzitaja nyumba zisizonywewa. Mbele ya milango ya nyumba hizo, kila asubuhi, palikuwa na vyombo: majagi, madumu, sufuria, chupa ya chai isiyo na kifuniko. Nyumba zilizotoa zilikuwa na midomo mikavu. Ugomvi haukukosekana. Mwanamke mmoja alitua chombo cha nusu akaambiwa neno, naye akajibu maneno kumi. Lakini kesho yake alikitua tena.

Maua yalianza kupukutika. Nyuma yake zikatokea pembe, mbili mbili, za kijani, kama za mbuzi mdogo. Namkunda alizifunga kwa uzi ili zikipasuka mbegu zisipeperuke.

Ndipo gari la Shina Jema lilipokuja. Ladislaus alikaa mbele, uso umefumbwa. Mkononi alikuwa na amri ya kuchukua mmea mmoja unaochanua isivyo halali, nyumbani kwa Namkunda binti Kiariro. Dereva alikuwa Mgonja, mtu mzima mwenye mvi, mzaliwa wa vijiji vya chini ya milima hiyo hiyo.

Mgonja alishuka kwanza. Akaona vyombo mlangoni pa Namkunda. Akageuka, akaona vyombo mlangoni pa jirani, na ng'ambo ya njia, na kuteremka hadi ghalani. Akavua kofia. Akarudi nyuma ya gari, akateremsha dumu kubwa la maji ya safari, maji ya kampuni, lenye nembo ya Shina Jema ubavuni, akalibeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni, akalitua chini kwa adabu.

"Poleni sana," alisema. "Msiba mkubwa. Ni ugonjwa?"

"Mgonja, unafanya nini?" Ladislaus aliita kutoka garini. "Hayo ndiyo maji yetu ya kurudia."

"Kuna msiba, Bosi."

Namkunda alikuwa ametokea kizingitini. Mzee Mbonea alinyanyuka kwenye kigoda. Mama Niendiwe alichungulia juu ya ukuta, mikono ina unga.

"Tumeshapoa, baba," Namkunda alimwambia dereva. "Lakini hapa hakuna aliyekufa. Hapa kumechanua."

Mgonja alitazama mti katika debe, na pembe zake za kijani zilizofungwa uzi, na ua moja la mwisho. Akatazama tena mstari wa milango na vyombo. Alielewa polepole, na alipoelewa hakuvaa kofia.

Ladislaus alishuka na karatasi yake. "Mama, nina amri ya mmea mmoja."

"Upo," Namkunda alisema. "Lakini usijichoshe na mmoja. Teremka na njia hii, kila penye maji mlangoni, ingia. Ukishamaliza, mlima uko nyuma."

Afisa alisimama kwenye jua. Akahesabu milango kwa macho, akaacha kabla ya kufika mwisho. Koo lake lilipanda na kushuka. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na tambarare ilikuwa nyeupe kwa joto.

"Mgonja," alisema hatimaye, "rudisha dumu garini tuondoke."

Dereva hakusogea. "Limeshatua, Bosi," alisema. "Halinyanyuliwi."

Namkunda alichukua kikombe cha bati, akakijaza kutoka kwenye dumu lenye nembo, akampa Ladislaus kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni.

"Kunywa," alimwambia. "Haya ni matamu. Yamewekwa mlangoni."